Gari Limelala, Vifaa Vimekesha: Kuzuia Betri Kuisha Umeme Gari Likiwa Limeegeshwa

Mlaji ameegesha gari lake Ijumaa jioni likiwa halina tatizo lolote. Jumatatu alfajiri anazungusha ufunguo: stata inatoa mlio mkavu mara mbili tatu, taa za dashibodi zinafifia, kisha kimya. Watoto wamekwisha kuvaa sare na wamekaa kiti cha nyuma. Fundi anaitwa, anafungua boneti, anatazama kwa dakika moja na kutoa hukumu: betri imekufa, inunuliwe nyingine. Betri mpya inafungwa, gari linawaka mara moja, na kila mtu anaridhika. Wiki chache baadaye, asubuhi nyingine, mlio ule mkavu unarejea.

Hukumu ya fundi ilikuwa nusu ya ukweli. Betri ilikuwa imeisha umeme, lakini hakuna aliyeuliza ni nani aliyeumaliza. Magari mengi yanayotumika nchini yaliagizwa yakiwa yametumika, kisha yakaongezewa vifaa hapa: redio yenye skrini, kamera ya dashibodi, alamu, amplifaya, kifaa cha kufuatilia mahali gari lilipo. Kifaa kimoja kati ya hivyo kikiungwa vibaya huendelea kunywa umeme usiku kucha huku mwenye gari akiamini kuwa kila kitu kimezimwa. Mlaji asipokitambua, atanunua betri ya pili na ya tatu, na kadi ya dhamana haitamwokoa, kwa sababu ambayo tutaieleza mbele.

Umeme unakwenda wapi?

Betri ya gari dogo ni ya volti 12, na aghalabu imetengenezwa kwa risasi na asidi. Kazi yake kubwa ni fupi mno: kuizungusha stata kwa sekunde chache, kazi inayodai ampea 100 au zaidi. Injini ikishawaka, altaneta huchukua jukumu la kulisha vifaa vyote na papo hapo kuirudishia betri ilichokitoa. Injini ikizimwa, altaneta nayo husimama. Kuanzia hapo, kila kinachotumia umeme garini kinautoa katika betri peke yake.

Si kila matumizi ya wakati huo ni kosa. Saa, kumbukumbu ya kompyuta ya injini na kipokezi cha rimoti ya milango vinahitaji umeme kidogo saa zote. Katika gari la kisasa lililo zima, jumla ya mahitaji hayo huwa takriban miliampea 20 hadi 50, na miliampea moja ni sehemu ya elfu ya ampea. Kiasi hicho ni sawa na bomba linalodondosha tone moja moja kwenye simtanki lililojaa.

Uwezo wa betri hutajwa kwa ampea-saa, na alama yake ni Ah. Hapa wanunuzi wengi hukosea. Betri za vipimo vya Kijapani huandikwa maneno kama 46B24L, na mnunuzi hudhani kwamba 46 ni ampea-saa. Sivyo. Namba hiyo ya mwanzo ni daraja la utendaji wa betri. 24 ni urefu wake kwa sentimita. Na herufi L au R ya mwisho huonyesha upande ziliko ncha zake. Ampea-saa huandikwa mahali pengine penye alama ya Ah, na isipoandikwa muuzaji anapaswa kuitaja.

Tuchukue betri ya 45 Ah. Gari linalotumia miliampea 30 likiwa limeegeshwa litapoteza takriban 0.7 Ah kwa siku, yaani kama 10 Ah kwa wiki mbili. Litawaka bila taabu. Sasa tuongeze kamera ya dashibodi inayorekodi saa zote na kutumia miliampea 300. Kamera hiyo peke yake itakula 7.2 Ah kwa siku, na katika siku tatu itakuwa imemaliza karibu nusu ya betri. Taa ndogo ya wati 5 iliyosahauliwa kwenye buti hula 10 Ah kwa siku. Taa mbili kubwa za mbele, zenye wati 55 kila moja, huvuta takriban ampea 9; muda wa sherehe moja ya harusi ukumbini unatosha kumwacha mtu na gari lisilowaka usiku wa manane.

Ieleweke pia kwamba betri si lazima iwe tupu ndipo ishindwe. Ikishuka chini ya nusu, hasa ikiwa imezeeka, huenda bado ikawasha redio na taa za ndani lakini isiweze kuizungusha stata. Tena kila inaposhuka kiasi hicho inaumia. Chembe za salfeti ya risasi hujijenga juu ya bamba zake, na betri ikikaa muda mrefu bila kuchajiwa chembe hizo hukomaa na kuwa ngumu, zisirudi tena katika hali ya awali hata ikichajiwa. Betri ya gari haikuundwa kama zile za sola zinazostahimili kushushwa kila usiku na kujazwa kila mchana. Joto nalo huharakisha uchakavu huo, kwa hiyo mkazi wa Dar es Salaam au Tanga hapaswi kutarajia betri yake idumu sawa na ya mkazi wa nyanda za baridi.

Waya wa njano na waya mwekundu

Kosa tunalopenda msomaji alifahamu kuliko mengine yote ni la nyaya mbili. Redio nyingi zinazofungwa baadaye huja na waya wa njano na waya mwekundu. Waya wa njano huunganishwa na umeme wa kudumu, nao hutunza saa na kumbukumbu za stesheni. Waya mwekundu unapaswa kuunganishwa na umeme unaofuata ufunguo, ule unaopatikana swichi ikiwa kwenye alama ya ACC au ON na kukatika ufunguo unapotolewa. Waya huo ndio unaoiambia redio kwamba gari limezimwa, nayo ijizime.

Fundi mwenye haraka, au mteja anayetaka kusikiliza muziki bila kuweka ufunguo, huzisokota nyaya hizo mbili pamoja na kuziunga kwenye umeme wa kudumu. Kuanzia siku hiyo redio haijui tena kama gari limezimwa. Mteja akiizima kwa kitufe, skrini huwa nyeusi, lakini ndani yake kompyuta ndogo inaweza kuendelea kufanya kazi. Akiwa na amplifaya mambo huwa mabaya zaidi. Amplifaya huamshwa na waya mwembamba utokao kwenye redio, ambao aghalabu ni wa bluu wenye mstari mweupe; redio isipolala, au waya huo ukiungwa moja kwa moja na umeme wa kudumu, amplifaya nayo hukesha. Ukiigusa asubuhi na kuikuta ina joto ilhali gari halijawashwa tangu jana, umempata mhalifu bila kipimo chochote.

Kamera ya dashibodi ina mtego wake. Ikichomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara, hutegemea tundu hilo limeungwaje. Katika baadhi ya magari tundu hupata umeme ufunguo unapowekwa tu. Katika mengine lina umeme saa zote. Chomeka chaja ya simu, toa ufunguo, funga gari, subiri dakika chache, kisha chungulia dirishani. Taa ya chaja ikiwa bado inawaka, kila unachokiacha humo kitakesha. Wanaotaka kamera irekodi hata gari likiwa limeegeshwa wanunue pamoja nayo kifaa kidogo kinachokata umeme volti za betri zinaposhuka hadi kiwango kilichowekwa. Vingi vina viwango vya kuchagua. Tunashauri volti 12.2 badala ya kiwango cha chini zaidi, ili ibaki akiba ya kuwashia gari.

Kifaa cha kufuatilia gari ni suala tofauti kidogo, maana kazi yake ni kuwa macho gari likiwa limeibwa au limeegeshwa. Hicho hakiwezi kufuata ufunguo. Kinachotakiwa ni kifaa chenye uwezo wa kusinzia, yaani kinachopunguza mawasiliano yake na matumizi yake gari lisiposogea na kuamka kinapohisi mtikisiko. Muulize muuzaji matumizi yake kikiwa kimesinzia, na jibu liwe la miliampea, si la “kidogo sana”. Ikiwa gari ni la mkopo na kifaa kilifungwa na mkopeshaji, usikiondoe kabla ya kusoma mkataba. Dai badala yake kwamba aliyekifunga aje akipime.

Vipo pia visababishi visivyohusiana na vifaa vya nyongeza: swichi ya taa ya buti iliyokwama, relei isiyoachia, na daiodi mbovu ndani ya altaneta inayoruhusu umeme wa betri kurudi kinyume. Kwa taa ya buti au ya droo ya dashibodi, weka simu ndani ikiwa inarekodi video, funga, fungua baada ya nusu dakika, kisha uitazame video hiyo.

Betri au gari? Jaribio la usiku mmoja

Kabla ya kutoa fedha kwa ajili ya betri mpya, mlaji anaweza kujua mwenyewe kama kosa ni la betri au la gari. Anahitaji spana, ambayo kwa magari mengi ya Kijapani ni namba 10, na ikiwezekana mita ndogo ya kupimia volti. Mita hizo zinauzwa katika maduka ya vifaa vya umeme, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya betri.

Kwanza betri ichajiwe ijae. Gari likae saa kadhaa bila kuwashwa, kisha pima volti kati ya ncha mbili za betri. Volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa; 12.4 ni takriban robo tatu; 12.2 ni nusu. Na chini ya 12 ni betri iliyokaribia kuisha. Andika namba uliyoipata. Usiku wa kwanza acha betri ikiwa imeungwa kama kawaida na upime tena asubuhi. Ichajie tena ijae, na usiku wa pili fungua waya wa ncha ya hasi, ile yenye alama ya kutoa, uuweke kando usiiguse ncha, kisha upime asubuhi inayofuata.

Ikiwa volti zimeshuka sana usiku wa kwanza lakini zimebaki palepale usiku wa pili, betri haina hatia: gari linainywa. Ikiwa zimeshuka vilevile hata waya ukiwa umefunguliwa, betri yenyewe haitunzi umeme, na sasa una hoja ya kupeleka kwa muuzaji. Asiye na mita anaweza kulinganisha kwa kuwasha gari tu asubuhi hizo mbili, ingawa jibu lake halitakuwa na uzito uleule.

Kabla ya kufungua waya, hakikisha unayo namba ya siri ya redio ikiwa redio yako huidai, na usifunge milango ufunguo ukiwa ndani. Ikiwa betri iko kwenye buti linalofunguliwa kwa umeme, liache wazi. Magari ya haiburidi nayo yana betri ya volti 12, mara nyingi ndogo, inayoisha kwa sababu hizihizi. Lakini yana pia nyaya za rangi ya machungwa zenye umeme mkubwa unaoweza kuua. Mwenye gari la aina hiyo amwachie kazi fundi aliyesomea.

Kipimo kingine ni cha injini ikiwa inaunguruma. Volti zinapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Zikibaki chini ya 13 altaneta haichaji, na hata betri bora namna gani haitafika mbali. Baadhi ya magari mapya yana kompyuta inayopunguza chaji kwa muda ili kuokoa mafuta, basi usihukumu kwa kipimo cha mara moja.

Cha kumdai fundi

Ikithibitika kwamba gari ndilo linalokula umeme, hatua inayofuata ni ya fundi umeme mwenye mita, wala si mwenye kubahatisha. Kazi yenyewe si ya siri. Fundi huzima kila kitu, hufunga milango, kisha husubiri nusu saa hadi saa moja ili kompyuta za gari zilale. Akipima mara tu baada ya kufunga mlango atapata namba kubwa isiyo na maana. Hupitisha mita kati ya ncha ya hasi na waya wake na kusoma miliampea. Kisha hutoa fyuzi moja baada ya nyingine. Fyuzi ambayo ikitolewa namba inaanguka ghafla, njia yake ndiyo yenye tatizo. Wakati wote huo gari halipaswi kuwashwa, kwani ampea za stata zitaunguza mita.

Ombi letu kwa mlaji ni moja, nalo halina gharama: kila unapofungiwa kifaa kipya, mtake fundi apime matumizi ya gari likiwa limezimwa kabla ya kukifunga na baada ya kukifunga, na aziandike namba zote mbili kwenye risiti. Gari lililokuwa na miliampea 30 na sasa lina 45 halina neno. Lililokuwa na 30 na sasa lina 400 halijakamilika, na hupaswi kumaliza kulipa. Fundi anayekataa kupima, au anayesema kazi yake haihitaji kipimo, amekupa taarifa ya kutosha kumhusu.

Taka pia kifaa kiungwe kupitia fyuzi yake kilichopangiwa, na fyuzi hiyo ikae karibu na mahali umeme unapochukuliwa. Nyaya zilizosokotwa na kuviringishwa selotepu hazimalizi betri tu: zinaweza kupata joto, kugusana na bodi na kuwasha moto. Hapo hatuzungumzii tena bei ya betri.

Gari linalokaa siku nyingi

Anayeacha gari Dar es Salaam na kupanda treni ya SGR kwenda Dodoma kwa wiki nzima, au anayekwenda kwao kwa basi sikukuu za mwisho wa mwaka, ana njia mbili rahisi. Akiwa na mahali salama pa kuegesha, afungue waya wa hasi. Akumbuke tu kwamba alamu na kifaa cha kufuatilia vitapoteza umeme huo na kubaki na betri zao ndogo, kama zipo. Asipotaka kufanya hivyo, achomoe kamera na chaja zote na amwombe mtu aliendeshe gari nusu saa au zaidi mara moja kwa wiki. Kuliwasha likae palepale dakika tano hakusaidii; mara nyingi dakika hizo hazirudishi hata kile kilichotumiwa na stata, taa na kiyoyozi.

Gari likishindwa kuwaka, kulisukuma hakutafaa kitu ikiwa lina gia otomatiki, kama yalivyo mengi ya siku hizi. Ukiazima umeme kwa gari jingine, unga kwanza waya mwekundu kwenye ncha ya chanya ya betri iliyoisha, kisha kwenye chanya ya betri nzima. Waya mweusi uanzie hasi ya betri nzima na umalizie kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililozimika, mbali na betri. Betri hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche ikirukia karibu nayo inaweza kuipasua na kurusha asidi usoni.

Dhamana na malalamiko

Dhamana ya betri aghalabu hufunika kasoro za kiwandani, na huondoa betri iliyoharibika kwa kuachwa ikaisha umeme. Ndiyo sababu muuzaji akipima na kuikuta tupu humgeuzia mteja lawama, na mara nyingine huwa na haki. Mteja aliyefanya jaribio la usiku wa pili, akaandika volti na tarehe, haji mikono mitupu: anaweza kudai betri ichajiwe ijae dukani, iachwe bila kuungwa na chochote hadi kesho yake, na ipimwe mbele yake. Muuzaji akikataa madai hayo, sababu zake ziwe za maandishi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, Sura ya 285, inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa au huduma na kuhusu dhamana inayoambatana nayo. Malalamiko ya aina hii hupokelewa na Tume ya Ushindani. Unapokwenda chukua risiti ya kielektroniki ya betri, kadi ya dhamana ikiwa imejazwa tarehe na kugongwa muhuri, risiti ya fundi aliyefunga kifaa yenye vile vipimo viwili, na karatasi uliyoandika volti zako za asubuhi. Kadi isiyo na tarehe huleta ubishi usio na mwisho, kwa hiyo ikague palepale dukani kabla betri haijafungwa.